Tunasoma Ramani za Wengine, ya Kwetu Itachorwa na Nani?

Kama uko pale chini ya mti wa uwanjani ukingoja kengele ya mchana, hebu sogea kidogo nami nipate kivuli, maana nina neno. Limenikaa moyoni tangu likizo ya Aprili, na wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nianze kwa kujisifu kidogo, kisha nitajishusha mwenyewe. Katika mtihani wa mwisho wa muhula wa kwanza, swali la kusoma ramani lilikuwa na alama 25, nami nikapata 21. Nilipima urefu wa barabara kwa uzi. Nilitoa mwelekeo wa kilima kutoka kwenye shule ya msingi. Nilieleza jinsi makazi yalivyotawanyika na kwa nini watu hawakujenga karibu na kinamasi. Mwalimu alinipongeza mbele ya darasa zima. Ramani yenyewe ilikuwa ya mahali ambapo sijawahi kukanyaga, na pengine sitakanyaga.

Wiki tatu baadaye nilishindwa kumweleza mtu mmoja njia ya kufika nyumbani kwetu.

Nyumbani kwetu ni Kiandutu, hapa Thika, upande wa barabara ya Garissa, karibu na Makongeni. Usiku huo, saa nane kasoro, shosho yangu alishikwa na pumu. Dawa yake ya kupuliza ilikuwa imeisha. Mama alimpigia simu mwenye teksi mmoja, naye, Mungu ambariki, akaamka na kuja. Taabu ilianza alipofika barabarani.

"Mama, niko kwa lami. Nikate wapi?"

"Kata kushoto, ndugu yangu, pale kwa duka la bluu."

"Maduka ya bluu naona mawili."

"Lile lenye mti."

"Huku ni giza, sioni mti. Nitumieni lokesheni."

Nikatuma. Simu ilimwonyesha alama nyekundu katikati ya mahali peupe, bila njia hata moja ya kuifikia. Akajaribu kichochoro kimoja, kikaishia kwenye mtaro. Akarudi kinyumenyume, akajaribu kingine, kikawa chembamba kuliko gari. Mimi nilitoka na tochi nikaanza kukimbia kumtafuta, yeye akawa amehamia upande mwingine kunitafuta mimi. Zilipita dakika arobaini. Mwishowe jirani alitoa mkokoteni wake wa kuuzia maji, tukamlaza shosho juu yake tukamsukuma hadi lami. Hospitalini muuguzi alimuuliza mama, "Mbona mmekaa naye sana hivi?" Mama hakujibu. Aliniangalia tu.

Shosho alipona, na ndiye aliyeniambia niandike haya. Dereva simlaumu hata kidogo. Najilaumu mimi mwenye alama 21.

Baada ya hapo nilianza kujiuliza: kwa nini ramani ninazosoma darasani hazingenisaidia usiku ule? Jibu la kwanza ni skeli. Ramani tunazopewa kwenye mitihani huwa za skeli ya 1:50,000, yaani sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Ni ramani nzuri sana za kuonyesha milima, mito na barabara kuu. Lakini weka kidole gumba juu ya Kiandutu kwenye ramani kama hiyo, utakuwa umefunika nyumba, vichochoro, bomba la maji, kanisa, duka la bluu na shosho yangu ndani yake. Baadaye nilipima njia ya kutoka lami hadi mlangoni petu. Ni kama mita 290. Katika ramani ya 1:50,000 umbali huo haufiki hata milimita sita. Dakika arobaini za usiku ule zilipotelea ndani ya milimita sita!

Jibu la pili ni umri. Nyingi za ramani hizo zilichorwa miaka ya 1960 na 1970. Tangu hapo miji yetu imefura kama andazi kwenye mafuta. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Sensa ya 2019 ikahesabu watu 490,120. Ni miaka kumi tu, na mji umezidi mara mbili! Thika yetu ilikuwa na watu 251,407 mwaka huo wa 2019. Barabara kuu ya kutoka Nairobi ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, mashamba ya kahawa ya Ruiru yalizidi kukatwakatwa kuwa ploti. Ukitafuta kahawa kwenye ramani ya zamani utaiona. Ukienda na miguu yako utaona ghorofa na kamba za nguo.

Si kwamba wachoraji wako mbali nasi. Ofisi za serikali za upimaji na uchoraji wa ramani ziko Ruaraka, kando ya barabara yetu hii hii ya Thika. Kila siku makanga wanapiga kelele, "Survey, wa Survey wako?" na abiria wanashuka. Ni wangapi kati yetu tumejiuliza kwa nini steji hiyo inaitwa hivyo? Tunapita kwenye mlango wa wachora ramani tukiwa tumelala na midomo wazi.

Majina yetu mengine ni hivyo hivyo, yanasema mengi lakini hatuyasikilizi. Section 9 ni jina la mtu aliyekuwa na mpango na karatasi mbele yake, akahesabu sehemu za mji moja baada ya nyingine. Landless ni jina la watu ambao hawakuwa na ardhi. Kiandutu, kwa Kikuyu, ni mahali pa funza. Toll kule Ruiru ni mahali walipokuwa wakilipisha magari. Ukiyapanga majina haya tu kwenye karatasi, tayari unaona nani alipangiwa na nani alijipangia. Sehemu zilizopangwa zina namba. Sehemu zilizojipanga zina jina la mateso au la kizuizi, na ndani yake hakuna mtaa wenye jina wala nyumba yenye namba.

Nisije nikaonekana nawasema wengine tu. Sisi wenyewe hatupajui kwetu. Muhula huu niliwauliza wenzangu kumi swali moja: maji ya Mto Chania yanaenda wapi? Wawili walisema Ziwa Victoria. Wanne walisema Nairobi. Watatu walicheka wakaniambia niwapishe wakale githeri. Mmoja alisema baharini, lakini hakujua kwa njia gani. Basi kwa faida ya wote: Chania na Thika yote hutoka milima ya Nyandarua, hukutana hapa mjini chini ya Hoteli ya Blue Posts baada ya kuporomoka kwenye miamba, kisha maji huenda hadi Mto Tana na kuingia baharini karibu na Kipini. Wale wanne wa Nairobi hawakukosea kabisa, kwa sababu Mto Thika umezuiwa huko juu katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, na maji ya bwawa hilo hupelekwa Nairobi kwa mabomba. Lakini Mto Ruiru haufuati njia hiyo. Wenyewe huingia Athi, hupita maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Kilimambogo, na kumwagika baharini karibu na Malindi ukiwa umebadili jina kuwa Sabaki. Rafiki yangu wa Ruiru nami tunakaa dawati moja, lakini mvua inayonyesha kwao na ile inayoangukia Chania hazitakutana tena mpaka Bahari Hindi. Je, hilo si jambo la kulijua mtu akiwa mwenyeji?

Sasa nije kwenye hoja yangu. Nasema hivi: sisi wanafunzi wa shule hii tuchore ramani za mahali tunapokaa, kijiji kwa kijiji na mtaa kwa mtaa, kwa skeli kubwa, na kwa Kiswahili. Tusingoje mtu.

Najua kuna watakaonipinga, na ni haki yao. Wa kwanza watasema, "Siku hizi kila mtu ana ramani kwenye simu, wewe unatuletea mambo ya rula na kalamu." Nimeshawaeleza yaliyonipata na simu. Ramani ya simu haioti yenyewe kama uyoga. Huonyesha kilichowekwa na mtu. Mahali ambapo hakuna aliyepita kuweka njia, simu itakuonyesha peupe, hata kama wanaishi watu maelfu.

Na peupe hapo panaweza kujazwa. Kibera, kule Nairobi, inajulikana duniani kote, ila hadi mwaka 2009 ramani zilizokuwa mikononi mwa umma zilipaonyesha kama mahali patupu. Mwaka huo vijana wa Kibera walichukua vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakatembea kwa miguu katika vijiji vyao, wakaandika shule, zahanati, vyoo na mabomba, wakayaweka yote katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuitumia bure. Mradi wao uliitwa Map Kibera. Jirani zetu wa Tanzania nao hawakukaa kitako. Dar es Salaam hufurika vibaya mvua zikizidi, na mwaka 2015 ulianza mradi ulioitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu walishirikiana na wakazi wa kata zinazofurika, wakachora mitaro, vijia na nyumba, ili ijulikane maji yatapita wapi na watu watatokea wapi. Hao walikuwa wanafunzi kama sisi, ila wametutangulia madarasa machache.

Wa pili watakaonipinga ni watu wazima wa kwetu, na hawa siwezi kuwadharau, maana nimewasikia kwa masikio yangu. Nilipoanza kupimapima njia, mzee mmoja aliniita.

"Wewe kijana, unaandika nini hapo?"

"Nachora ramani, guka."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, guka. Ni ya shule."

"Tingatinga nalo hutanguliwa na kijana mwenye karatasi," akasema, akaingia ndani akafunga mlango.

Nilisimama hapo nikakosa la kusema. Wengi wetu tunakaa mahali bila hati ya ardhi, na mtu asiye na hati huogopa kuhesabiwa. Nimewaza sana juu ya neno la mzee huyo. Hata hivyo naona hivi: mwenye tingatinga hajawahi kukosa ramani. Anayo yake, na kwenye ramani yake sisi hatupo. Ni rahisi sana kubomoa mahali ambapo karatasi inasema ni patupu. Ni vigumu zaidi pale ambapo karatasi inaonyesha shule ya chekechea, kisima, kanisa, msikiti na milango mia tatu. Isitoshe, ramani ninayoitaka haitakuwa na jina la mtu wala idadi ya kuku wake. Itaonyesha njia, maji, vyoo, mitaro, taa, mahali pa dawa na mahali ambapo gari linaweza kugeuka. Na kabla ya kuchora tutakaa na wazee tuwaeleze, wakikataa jambo fulani lisiandikwe, halitaandikwa. Mzee yule nilirudi kwake mara ya pili na mama. Mara ya tatu ndiye aliyenionyesha mahali bomba la zamani lilikopita.

Wa tatu watasema, "Hii ni kazi ya serikali." Kweli, na serikali ifanye. Lakini nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mpimaji akija mchana wa Januari ataandika njia. Mimi ndiye ninayejua kwamba njia hiyo mwezi wa Aprili ni mto.

Sasa niwaeleze tulichofanya ili msidhani ni maneno matupu. Wenzangu wawili nami tulianza Juni, siku za Jumamosi. Vifaa vyetu vilikuwa karatasi za grafu, uzi, kalamu ya risasi na dira iliyo ndani ya simu ya kaka wa mwenzangu. Kwanza nilipima hatua zangu kwenye uwanja wa shule: hatua tatu ni mita mbili. Tukachagua skeli ya 1:1,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita kumi. Kisha tukaanza kwenye lami, mmoja akihesabu hatua, mmoja akisoma dira kila kona, mmoja akiandika. Ukisalimiwa na mtu unapoteza hesabu, unarudi mwanzo. Tulirudi mwanzo mara nyingi, kwa sababu kwetu watu husalimiana.

Kutoka lami hadi mlangoni petu kwa njia yetu ya kila siku nilihesabu hatua 436. Kwa Jumamosi tano tulimaliza kipande chetu. Tulipata mabomba matatu ya maji, moja likiwa limekauka. Tulipata mitaro miwili inayovuka njia bila ubao juu yake. Tulipata maduka ya bluu manne, si mawili.

Halafu tukapata jambo moja lililoninyima usingizi. Nyuma ya kanisa kuna njia inayotokea upande wa pili, wanayotumia wenye mikokoteni ya mawe. Ni pana, gari linapita na kugeuka. Kwetu hakuna anayeipita, maana haielekei sokoni wala stejini. Tulipoiweka kwenye karatasi na kuiunganisha na zingine, niliona inapita nyuma ya nyumba yetu. Nikaenda kuhesabu. Kutoka hapo hadi mlango wetu wa nyuma ni hatua 30, yaani mita 20.

Nimezaliwa hapo. Nimekaa hapo miaka kumi na sita. Gari lingeweza kusimama mita 20 kutoka kitanda cha shosho, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Kwa nini nataka ramani hizi ziwe kwa Kiswahili, na kwa nini naandika katika jarida la Chama cha Kiswahili, si la Jiografia? Kwa sababu watakaozitumia ni watu wa bodaboda, wakunga, wazima moto, na wageni waliokuja Thika kutafuta kazi viwandani na kwenye mananasi, kila mmoja na lugha ya kwao. Kinachowakutanisha ni Kiswahili. Darasani Jiografia tunaisoma kwa Kiingereza, ndiyo maana mwanafunzi anapata alama zote za mwelekeo, lakini ukimwambia asimame aonyeshe kusini magharibi anatazama dari. Maneno haya yana maana ya kushikika. Kaskazini ni upande wa kaskazi, upepo unaovuma pwani kuanzia Desemba hadi Machi, na kusini ni upande wa kusi, unaofuata baada ya hapo. Magharibi ni jua linapotua, ndiyo maana ndugu zetu Waislamu huswali magharibi wakati huo. Wenye vyombo vya baharini waliyajua haya, la sivyo wangepotea. Sisi wa bara tumebaki na "kule juu" na "kule chini," na tunapotea kwenye mita 290.

Kuna jambo moja la mwisho. Wenzetu wa shule za bweni hutucheka sisi wa kutwa. Eti tunakuja na matope, eti tunanuka moshi wa matatu. Sawa. Lakini kengele ya jioni ikilia, wao wanaingia bwenini. Sisi tunasambaa: Makongeni, Landless, Ngoingwa, Kiganjo, Majengo, Juja, hadi Ruiru. Tope la viatu vyetu limetoka kila pembe ya mji huu. Hakuna shule ya bweni inayoweza kuchora ramani ya Thika kwa mwezi mmoja. Sisi tunaweza.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Kwanza, Chama cha Kiswahili kishirikiane na walimu wa Jiografia, kila mwanafunzi achore njia ya kutoka steji yake hadi kwao, kwa hatua na dira. Pili, vipande hivyo viunganishwe mtaa kwa mtaa, vibandikwe ukutani pale karibu na maktaba, na nakala zipelekwe kwa chifu, zahanati na steji za bodaboda za kila mtaa. Tatu, kila jarida jipya likitoka, ramani irekebishwe, kwa sababu kwetu duka la bluu laweza kupakwa rangi ya kijani usiku mmoja.

Kipande chetu cha Kiandutu kiko tayari. Shosho amekibandika ndani ya mlango wake, na kila mgeni akija anaonyeshwa njia ya nyuma ya kanisa hata kama hakuiuliza. Haba na haba hujaza kibaba. Nani ataleta kipande cha pili?